Me-a-me-a

Siwema alizijua zote, nami nikajisifu:
a, be, che, de, mpaka ze bila kukwama,
kama mnyororo uliotoka kutiwa grisi.
Kumbe nilimfunza majina ya wageni
nisimwambie wanasemaje.

Siku moja akafunua daftari, kidole chini ya neno:
me. a. me. a.
"Meamea," akasema, akanitazama.
Nikamwambia rudia. Akarudia:
mea, mea,
kama anayeubembeleza mchicha uote.
Neno lenyewe lilikuwa mama.

Mama yake yuko Bombo, zamu ya usiku,
anafua mashuka ya wodi.
Jioni akitoka huandika kwa chaki mlangoni,
uji uko wapi, sare ipi ivaliwe,
na mimi ndiye msomaji.

Mwalimu Mhina alileta rimu iliyopinda,
akayasikia yote akiwa amesimama juani.
"Herufi ina jina, na ina sauti, fundi.
Wewe Mntambo, ukikohoa, unakohoa 'Mntambo'?"
Sikumjibu. Nilinyoosha spoki.
Nilimtoza nusu.

Basi tukaanzia hapa hapa, Ngamiani, barabara ya kumi na tisa,
kati ya muuza mkaa na cherehani ya Bi Fikira.
Dakika kumi tu, akitoka shule.
F ilikuwemo kwenye pampu: fff, fff.
K ilikaa kwenye friwili, ukirudisha pedeli nyuma.
R tuliipata kwa kipande cha boksi
kikigombana na spoki,
mpaka Bi Fikira akasimamisha mguu
kuuliza pikipiki ni ya nani.

M haikutaka chombo.
Nilimpa mkate wa kumimina,
nikamwambia funga mdomo, usimeze bado.
Mmm.
"Sasa fungua."
Ma, ikatoka na makombo.
Asubuhi, mama yake hata viatu hajavua:
"Pale mlangoni, mwisho, umejiandika wewe."

B ilitutesa siku tatu.
Nilikuwa naivuta, beee, kama mbuzi,
naye ananifuata kama mwanambuzi.
Ikate, alisema mwalimu, ipasuke tu kama povu.
b.
Miaka arobaini na mmoja nina midomo hii,
sikuwahi kuisikiliza.

Ikabaki S.
Meno mawili ya mbele yalitoka wiki moja,
tukayarusha juu ya bati kama ada,
na S ikawa inapita pengoni, upepo mtupu.
Mtoto hawezi kutamka herufi yake mwenyewe.
Thiwema, alisema darasani. Wakacheka.
Tangu hapo, akiulizwa jina,
anaonyesha jalada la daftari.
Nami sikumlazimisha. Pengo si kosa,
na jino halivutwi kwa koleo likue.

Jumamosi ililetwa Foniksi ya muuza machungwa,
tairi la nyuma limelala chapati.
Nikatoa tyubu, nikaijaza,
nikaipitisha sikioni mara mbili. Kimya.
Masikio yangu yamekula nyundo nyingi.
Nikatafuta beseni; limelowekwa nguo.

Siwema akaichukua mikononi mwangu,
akailaza shavuni, akafumba macho,
akaizungusha polepole
kama anayefuata mstari mrefu.
Akasimama. Kidole karibu na vali.
"Baba," akanong'ona,
"herufi yangu inatoka hapa."

Nikainamisha kichwa pale alipoonyesha.
Kweli, nyembamba kama uzi, haikatiki.
Msasa ulikuwa mkononi, solusheni imefunguliwa,
na mwenye Foniksi anauliza
kiraka ni leo au kesho.
Nikamwambia ngoja kidogo, ndugu yangu.
Mtoto anasoma.