Pambizo

Saa mbili asubuhi, Dundee, giza bado limeng'ang'ania vioo.
Navaa glovu. Nafungua kopo.
Harufu ya fomalini inapanda puani kama mtu aliyeizoea nyumba.
Ndani mna kilichokuwa sehemu ya mtu
hadi jana saa nane mchana.

Kazi yangu ni rangi.
Buluu juu, kijani chini, nyeusi upande wa mbavu,
njano kuelekea kwapani,
ili hata kikikatwa vipande vyembamba kama ganda la kitunguu
kikumbuke kilivyokaa mwilini.
Wengine hupaka kuta.

Darasa la nne, Mwalimu Semkiwa alitutandika rula
kwa kuandika nje ya mstari mwekundu.
"Pambizo! Acheni pambizo!"
Sikujua nitakuja kulitafuta neno lile katika nyama,
nipime kwa milimita
daktari alikata uzima kiasi gani kuuzunguka ugonjwa.
Sentimita moja, tunapumua.
Milimita mbili, Dakta Farquhar anavua miwani,
anaipangusa, anaivaa tena.

Uvimbe huu si ule wa kwenye mabango ya basi.
Huu ni adimu. Ukiupasua unafunuka kama kabichi,
jani juu ya jani, na nyufa katikati.
Haupiti kwapani kubisha hodi kama mwenzake.
Hurudi palepale ulipong'olewa,
kama deni lililolipwa nusu.

Nini kinaurudisha?
Ukubwa: ngumi ya mtoto, au ya mbeba mizigo.
Kingo: zimemsukuma tu jirani
au zimeingia kwake kuchimba.
Seli zinazojigawa; hizo zinahesabiwa
uwanja kwa uwanja chini ya hadubini, viwanja kumi.
Zikiwa tatu, watu wanaendelea na chai.
Zikiwa kumi na mbili, chumba kinanyamaza.
Na juu ya yote, pambizo.
Hilo ndilo pekee lililokuwa mkononi mwa binadamu.

Jumanne ile niliisoma lebo mara tatu.
Mimi sisomi majina, nasoma namba.
Lakini jina lile lilinisoma mimi.
Mwanakombo Mbarouk, miaka arobaini na sita.
Mwanakombo wa ghorofa ya saba, kule Hilltown,
aliyenipa ukwaju siku niliyofika,
aliyefunga mbuzi wa nazi
kwenye mashine ya kutobolea ukuta, akakuna nazi nne kwa dakika tatu,
jirani wa chini akaita polisi.

Nikampa Kirsty kopo. Kanuni ndivyo isemavyo.
Macho hayana pazia; masikio nayo je?
Nikiwa nimempa mgongo, naosha kisu ambacho hakikuwa kichafu,
nikamsikia akiiambia mashine:
"Upande wa buluu, milimita moja."
Kimya.
"Chini ya moja."

Jumamosi kulikuwa na akika ya mtoto wa Shekue.
Mwanakombo anapakua pilau kwa mkono wa kushoto,
wa kulia ameubana ubavuni kama aliyeficha barua.
"Wameutoa wote," ananiambia. "Limebaki kovu,
na kovu nani ataliona, shoga yangu, huku tunavaa makoti hadi Juni?"
Anacheka. Mimi nimejaza wali mdomoni
ili mdomo uwe na kazi.

Nilitia saini karatasi ya siri nilipoajiriwa.
Niliitia kwa moyo mmoja.
Lakini swali halina jina la mtu, wala namba, wala lebo.
"Unarudi lini?"
"Alhamisi."
"Waulize pambizo."
"Pambizo lipi? La daftari?"
"Waulize walikuachia kiasi gani. Wakutajie kwa milimita.
Na kama ni dogo, waulize watakata tena lini."

Kicheko kikamtoka usoni taratibu,
kama maji yanavyozama mchangani.
Hakuniuliza nimejuaje.
Akachukua kalamu ya mtoto iliyokuwa mezani
akaliandika neno kiganjani, herufi kubwakubwa,
PAMBI,
kiganja kikaisha,
ZO ikabaki nje, haina pa kukaa.