Pigo la Tatu

Sekunde nne za kanda, na huu ni usiku wa tatu.
Nairudisha nyuma, nasikiliza, nairudisha.
Fidla imelala gotini,
penseli i mdomoni, ladha ya rangi na mti.

Naandika la. Nafuta. Naandika si.
Majina yote mawili yanakataa,
na Wincenty Gajda, fundi viatu wa ng'ambo ya mto Radomka,
hakatai kitu: kidole chake kimekaa katikati
kama mgeni aliyesimama mlangoni,
haingii, haagi.

Kumbe na kanda yenyewe ilikuwa inachechemea.
Betri zilikuwa zikikata roho siku ile walipomrekodi.
Basi nikalegeza nyuzi zangu, zote nne,
nikaishusha fidla hadi alipo.
Hapo ndipo tuliposalimiana.

Kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi,
lakini sikio likivuja, nafuu ni ya nani?

Nikapunguza mwendo hadi nusu.
Fidla ikawa ng'ombe,
kikohozi cha mtu kikawa radi,
mlango wa jiko la chuma ukalia muda mrefu
kama unaeleza jambo.
Na bado.
Mazurka ina mapigo matatu, ndivyo tulivyofunzwa Radom,
tukipiga meza kwa rula.
Wincenty anahesabu moja, mbili,
halafu anakwenda zake,
anarudi tatu ikishapita,
hana haraka, hana kosa.

Jumapili nikapanda basi la saa mbili asubuhi
hadi kwa mjane wake, Genowefa,
aliyekuwa akimenya viazi, kandambili miguuni.
Noti hasomi. Aliipokea karatasi,
akaigeuza kichwa chini miguu juu, akasema:
"Wino mwingi."

Nikampigia.
Mstari wa pili akainua kisu.
"Hapa umewakanyaga."
"Nani?"
"Wanaocheza."

Akafuta mikono kwenye aproni, akanishika kiuno,
bibi wa miaka themanini na moja, harufu ya udongo na sabuni,
akaanza kuimba puani, bila maneno,
mbao za sakafu zikiitikia.
Moja. Mbili.
Akanizungusha.
Kisigino changu kilikuwa hewani, hakijatua,
naye alikuwa kimya, ananisubiri,
na katika kimya kile nikamsikia Wincenty
ameinua upinde, ananitazama miguu.

Usiku nikakaa tena mezani.
Alama yake siijui, sidhani kama ipo.
Nimeacha nafasi, upana wa kidole,
na juu yake nimeandika kwa penseli:
ngoja atue.

Mlango wa jiko nao nimeuandika.
Uko kwenye fa,
unateremkia mi.