Glasi Niliyoikataa

Saa tisa na dakika kumi na mbili za usiku
kamera tuliyoifunga mtendeni inafumbua jicho:
popo anatua juu ya jeraha la mti,
pale Mokbul alipochonga gome jana alasiri,
anaramba.
Hana haraka. Anaramba kama mtoto
aliyeachiwa sufuria ya uji,
kisha anajisaidia kidogo, bila nia mbaya,
na tone linafuatana na utomvu
hadi chunguni.

Naandika: mti wa nne, ziara ya sita,
sekunde arobaini na moja.
Ndiyo kazi yangu Rajbari, majira haya ya baridi:
kuhesabu ulimi.

Mgema akisifiwa, husemwa, tembo hulitia maji.
Huyu hajasifiwa na mtu,
wala hajatia kitu.
Kilichotiwa kimetoka juu.

Alfajiri, popo wanaporudi,
tunatandika turubai chini ya msufi na kungoja wakojoe.
Shipra, aliyesoma chuo kikuu miaka saba,
anafyonza matone kwa bomba jembamba, moja moja,
miwani imejaa ukungu,
anacheka ndani ya barakoa:
“Mama aliniombea niwe daktari.
Hakutaja wa nani.”
Misufi ilikuwa kumi na mmoja, anasema.
Tanuri za matofali zimekula kumi.

Vichupa vinakwenda Dhaka ndani ya barafu.
Majibu yanarudi: hasi. Hasi. Hasi.
Neno tamu, lisiloshibisha.
Kirusi cha Nipah hakipigi hodi kila usiku;
ndani ya popo kimetulia
kama mgeni aliyekwisha kuzoea nyumba,
hakimuumizi mwenyeji.
Kwetu sisi hupanda hadi ubongoni.
Ng'ambo ya mfereji, kwa akina Haldar,
alianza kijana,
akafuata aliyemfuta jasho.

Sasa niseme la glasi.

Mokbul alishuka na chungu, kamba ingali kiunoni,
akanimiminia, akanipa kwa mikono miwili.
Utomvu wa baridi, rangi ya maji ya mchele,
na harufu yake, mimi niliyelelewa humu humu,
naijua kuliko jina langu.
Nikatikisa kichwa.
Nikasema: chemsha, mjomba.
Akasema: “Ukiuchemsha unabaki sukari tu.
Asubuhi haimo tena.”
Kisha akanywa yeye, taratibu, akinitazama,
mpaka povu likabaki kwenye masharubu.

Hiyo ilikuwa alfajiri.
Picha za kamera nilizifungua adhuhuri.

Mti wa nne.

Nilikimbia kwenye matuta ya mpunga, kiatu kimoja kikabaki topeni.
Nilimkuta ananoa kisu.
Alinisikiliza hadi mwisho, akaupima wembe kwa kidole gumba.
“Baba yangu aliunywa miaka sitini,” akasema,
“naye aliuawa na basi.”

Tangu siku ile nampigia simu kila jioni.
Homa? Hakuna.
Kichwa? Kipo.
Shipra ananiambia nilale.
Mimi nalala kama kamera,
jicho moja halifungwi.

Siku ya tisa akapiga yeye, kabla ya adhana,
na jina lake likiwaka gizani
nilikaa nalo kiganjani hadi mlio wa tano.

“Ile sketi ya mianzi,” akasema, “mliyotuonyesha,
ya kuufunika mti popo asifike,
inasukwa kwa fito ngapi?
Mke wangu anauliza. Hataki kukisia.
Mti wa nne una kiuno kipana.”

Nikamtajia fito, na urefu, na namna ya kufunga.
Nikamwuliza, kichwa kinauma?
“Kinauma kwa maswali yako.”

Nikawasha taa, nikaandika:
siku ya tisa, hakuna homa.
Zimebaki tano.