Gunia Lipi?

Kazi yangu ni kubeba maneno
kutoka mezani kwa jaji hadi masikioni mwa mtu,
Kiingereza nikigeuze Lumasaba
nisimwage hata tone.
Miaka kumi na saba hapa Mbale
nimebeba wizi wa ng'ombe, mipaka ya migomba, talaka;
tusi la mlevi nililifikisha lilivyo, likinuka pombe.

Jumatatu nikatwishwa mzigo usio na uzito.

Khainza, aliyekuwa mtunza ghala
kwenye kinu cha kahawa njia ya Soroti,
alisimama kizimbani na viatu vya kuazima.
Wakili wa kampuni akasoma:
kwamba mdaiwa, katika tarehe mbalimbali,
akishirikiana na wengine wasiojulikana,
kwa njia azijuazo mwenyewe,
aliitia kampuni hasara
ya shilingi milioni mia nne, au zaidi.

Nikafungua mdomo.
"Siku fulani, na watu fulani,
kwa namna fulani,
ulifanya jambo fulani."

Akanitazama kama niliyempa debe tupu
nikamwambia aonje chumvi.
"Kaka, gunia lipi?"

Nilipekua kurasa zote kumi na moja.
Gunia halikuwamo.
Nilikuwa nimepewa moshi, niubebe kwa ungo.

Nikalifikisha swali. Jaji akavua miwani.
"Nami nauliza. Wakili, gunia lipi?"
"Litajulikana ushahidi ukija, Mheshimiwa."
"Mwaka gani?"
"Miaka kadhaa."
"Na kazi alifukuzwa lini?"
Hapo tarehe ikapatikana, na saa pia:
asubuhi ile alipodai mishahara ya miezi mitano.

Feni ikazunguka. Karani akapiga chafya.
Jaji akaandika, kisha akasoma polepole, kwa ajili yangu nadhani:
mtu hajibu ukungu;
dai lisilosema kitu ni rungu, si dai;
limefutwa, na kampuni ilipe gharama.

Limefutwa. Neno hilo nililibeba kwa mikono miwili,
kama maziwa yaliyojaa hadi ukingoni.

Hakushangilia. Alivua kiatu kimoja, akasugua kisigino.
"Na ile miaka miwili," akasema,
"kila nilikoomba kazi wakaniambia
tunasikia una kesi,
nayo imefutwa?"

Nikageuka nimpelekee jaji.
Kiti kilikuwa kitupu,
pazia la mlango wake bado linatikisika.