Ziara ya Siku Moja

Nilikwenda Kairo kununua mashuka,
marobota sita, na mapazia ya bei ya chini.
Siku moja ikabaki mkononi kama chenji.
Nikaitumia.

Alfajiri ndege, kisha basi lenye baridi ya mochwari,
na mwongozaji, Raafat, na mwavuli wake wa kijani
usiofunguliwa kwa jua wala kwa mvua:
ulikuwa bendera yetu.
Alituhesabu kama vifaranga. Kumi na tisa.
"Karnaki, saa moja na nusu. Atakayepotea atafute kijani."

Nguzo.
Sikujua jiwe linaweza kunenepa hivyo,
watu wazima washikane mikono ndipo walizunguke.
Niliinua shingo mpaka kitambaa kikanidondoka kichwani.
Kule juu, chini ya kizingiti, jua lisipofika,
buluu ingali buluu,
kana kwamba mpakaji ameshuka kunywa maji
na ngazi wakaiondoa.

Raafat alisema: farao huyu alijenga, yule akaongeza,
wa tatu akalifuta jina la mwenzake akachonga lake.
Akasema pia, akipita tu, kama anayetaja bei ya soda:
patasi nyingi zilikuwa za shaba.

Shaba.
Kundi likasonga, mimi nikabaki.
Maana nimelelewa na shaba, jamani.
Unga wa posho, daftari, viatu vya Pasaka,
vyote vilipitia tanuru la Lubumbashi
kabla ya kufika mlangoni kwetu,
na baba nyuma yake, na kikohozi,
na jasho lenye ladha ya sarafu.
Nikauliza: "Na walioshika patasi,
majina yao yako ukuta gani?"
Raafat alitazama saa. Kisha akanitazama mimi.
"Kuna kijiji chao ng'ambo ya mto," alisema,
"ila hakimo kwenye tiketi hii."

*

Nimerudi. Mashuka yameisha, mapazia yamenidodea.
Jumapili baada ya misa nikamwambia baba: vaa kofia.
Nikachukua mwavuli wangu mwekundu, ubavu mmoja umevunjika,
nikauinua katikati ya Katuba, majirani wakitazama.
"Bwana Nkulu, usipotee. Ziara inaanza."
Akacheka, akakohoa, akanifuata,
na kabla hatujafika mbali
akaninyang'anya mwavuli.
"Wewe unajua nini? Mwongozaji ni mimi."

Langoni askari alidai karatasi. Hatuna.
Tukabaki upande huu wa ukuta na muuza karanga,
tukitazama dohani ndefu
na ule mlima mweusi, mavi ya shaba,
uliomwagwa behewa kwa behewa, miaka na miaka.

"Kulia," alisema baba, "ndipo Kalumba alipoacha vidole viwili.
Kushoto, king'ora. Kikilia tu, mama yako
anabandika maji ya bukari.
Na pale juu, usiku, tulimwaga moto,
mji mzima ukaona jua likizama mara ya pili."

Mtoto mwenye baiskeli akasimama.
Baba akawahesabu wageni wake: watatu, na mbuzi.
Kisha akaanza majina. Hakushika karatasi yoyote.
Kasweka wa zamu ya usiku.
Mpoyi wa koleo.
Lwamba, aliyefariki siku ya mshahara,
mshahara ukiwa mfukoni, umekunjwa mara nne.
Kabamba mkubwa. Kabamba mdogo, ambao hawakuwa ndugu.

Moja likamkwama.
Akafumba macho, mwavuli ukamtetemeka mkononi.
"Alikuwa mfupi. Alikuwa na mwanya.
Chai aliinywa ikishapoa..."

Tukangoja. Karanga zikaanza kuungua.
Askari naye akangoja, bega kwenye chuma cha lango,
kisha akasema, polepole, bila kumtazama mtu:
"Si Mwepu? Baba yangu alikuwa na mwanya."

Baba akafumbua macho,
akampima yule kijana kuanzia buti hadi kofia.
"Hapana," alisema. "Mwepu alikuwa mrefu.
Lakini naye alikuwepo. Njoo huku, nikuonyeshe aliposimama."