Hodi ya Ubao

Si dirisha hili lenyewe walilolipiga, ni pacha wake,
huko maabarani, kwa mzinga wa hewa:
ubao wa mbili kwa nne, kilo nne na ushei,
ukaja mbio kama gari la mtaani
ukabisha hodi katikati ya kioo.
Kioo kikapasuka nyuzi nyuzi, kikabonyea,
lakini hakikusema karibu.

Hayo ameniambia Bwana Guidry, mkaguzi,
aliyepiga magoti kwenye kizingiti changu kipya
kama anayesali, kumbe anahesabu skrubu.
"Hii fupi," anasema. "Na hii. Na hii."
Skrubu ipite fremu, ipite mbao,
izame kwenye zege vidole viwili.
Fundi anaguna. Skrubu ndefu ni pesa.
Nami, karatasi za benki mkononi, naguna naye.

Kibandiko cha kioo kisibanduliwe
hadi yeye akione, aandike namba yake.
Mjukuu wangu Noémie ameshaanza kukikwaruza pembeni
kwa ukucha. Nimemfinya.

Na mlango ufunguke kwa nje.
Hapo nilibisha: tangu nizaliwe hapa Cameron
mlango huingia ndani pamoja na mgeni.
Akanionyesha kwa viganja viwili: upepo ukisukuma,
mlango wa kuingia ndani huutii,
wa kutoka nje huzidi kuikumbatia fremu yake.
Nikanyamaza.

Nilikuwa nimeukumbuka ule wa zamani.
Alcide aliuegemea kwa mgongo, visigino kwenye zulia,
tangu saa nne usiku hadi komeo liliporuka.
Upepo ukishaingia hauna haja na televisheni
wala sahani zetu za harusi.
Unatafuta pa kutokea.
Ukatokea kwa paa.

Mlango tuliuona kesho yake, malishoni kwa akina Mouton.
Yeye, siku ya tatu.

Kitabu cha sheria hakikumtaja. Kimetaja
urefu wa skrubu, na nafasi kati ya moja na nyingine.
Nausoma ukurasa ule kwa kidole, mstari kwa mstari,
na kila namba ni usiku wa mtu.

"Nunua ndefu," namwambia fundi.

Guidry anainuka, anajipangusa magoti,
anatoka, anaufunga mlango nyuma yake,
halafu, sijui kwa nini, anabisha.

Karibu, nasema.
Lakini rudi nyuma kwanza, hatua moja.
Unafungukia huko kwako.