Kibanda cha Makoti

Glasgow, Jumanne, ngazi kumi na nne chini ya barabara.
Mimi ndiye wa makoti. Nawapa namba, nayaning'iniza,
yananuka mvua na sigara za mlangoni.

Bendi siioni. Wao wana jukwaa, mimi nina ukuta.
Ila vijiti viwili vinagonga, tatu, kisha mbili,
na hanga tupu zinaitikia kwenye bomba.

Piano bado. Treni ya Eliseo imekwama Motherwell.
Yadira wa konga anaziba pengo kwa viganja,
kidole kimoja kina plasta, nilikiona alipoingia
akinikabidhi koti: "Usilipoteze, ni la dada yangu."
Wahenga walisema ngoma ikivuma sana hupasuka.
Hii haijaambiwa.

Morven anapuliza tarumbeta kama mtu anayemwita
jirani aliyesahau chenji dukani.
Besi inapita chini ya sakafu, inanipanda magotini.
Koti la 61 nampa mwenye 19.
Ananisamehe, anacheza huku akilivua.

Saa nne na robo mlango wa juu unapigwa teke:
Eliseo, maji hadi soksini, hana hata salamu,
ananitupia koti, namba hataki,
anakimbia, na kabla sijapata hanga

piano.

Ukumbi mzima unapiga ukelele mmoja.
Nami, koti lake likinichuruzikia viatuni,
sijalitundika. Nimelishika kiunoni,
hatua mbili mbele,
moja nyuma.